Kitambaa kilichobaki ni cha nani?

Hii ndo ile hotuba ya Jumamosi, siku ya kuvunja kikoba chetu hapa Morogoro, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana hela, siku ya kugawana kilichomo kwenye sanduku. Wengi mlikwama na mvua, wengine mlikuwa msibani, na tangu juzi simu yangu haipumziki, kila mtu anauliza kwani ulisema nini. Mpwa wangu alirekodi kwenye simu, tumekaa tukaandika kama ilivyotoka mdomoni, sijarekebisha kitu hata pale nilipopotea njia.

Mwenyekiti wetu, katibu, mweka hazina, mama mlezi, wanakikoba wenzangu, shikamooni wakubwa zangu, wadogo habari zenu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Naona akina baba ni wanne tu kama kawaida, karibuni sana, sogeeni mbele msijifiche nyuma ya sufuria za pilau.

Mnanijua mimi. Mimi ni fundi cherehani, muda mwingi nikiongea mdomo umejaa pini, kwa hiyo mwenyekiti aliponiambia leo utaongea dakika ishirini nikamwambia hapo umenionea. Akasema ongea, ongea kuhusu ile ishu ya Oktoba. Nikamwambia mwenyekiti, ile ishu kila mtu anaijua. Akasema ndiyo, kila mtu anaijua na hakuna aliyeiongea.

Basi nitaiongea. Ila naombeni nizunguke kidogo kwanza, nitafika.

Nianze na swali. Nani humu ndani ana mtu anayemkera? Nyoosheni mikono nione. Eeh! Hata mama mlezi kanyoosha. Haya shusheni. Swali la pili msinyooshe mkono, kila mtu ajibu moyoni kwake: huyo mtu alichokukosea ni kiasi gani, na hasira uliyonayo juu yake ni kiasi gani? Ukichukua tepu ukapima, vinalingana?

Mimi nimepima. Nitawaambia nilichokuta.

Mwaka juzi nilimpa seremala mmoja kazi ya meza ya kukatia nguo. Meza ya mninga, urefu mita mbili, na advansi nimempa kabisa, zaidi ya nusu. Akaniambia Ijumaa. Ijumaa nikaenda, akasema kesho. Kesho yake akasema mbao hazijakauka vizuri. Jumatatu akasema umeme. Alhamisi nikakuta kijana wake tu, bosi kaenda Msamvu anarudi sasa hivi, nikakaa pale kwenye benchi saa mbili nzima sasa hivi haijafika. Hivyo hivyo mpaka wiki ya tatu. Wiki ya tatu nikasema leo ni leo.

Jamani nilisema siku ile. Humu kuna watoto siwezi kurudia yote. Nilimsema mbele ya wateja wake, nikamwita mwongo, nikamwita tapeli, nikasema mafundi nyie wote hamna haya, mnakula hela za watu halafu njoo kesho njoo kesho, mafundi nyie laana itawapata.

Mafundi nyie! Mimi. Fundi.

Na yule baba hata hakunijibu, alikuwa anapiga randa, akaendelea kupiga randa tu, maranda yanadondoka juu ya kandambili zake, na ile kunyamaza kwake ndo ikanizidishia hasira nikaongeza mengine.

Sasa jioni hiyo hiyo, na ilikuwa Januari wiki ya kufungua shule, na mnajua Januari ya fundi ilivyo, sare zimejaa mpaka chini ya cherehani, akaja mtoto mmoja wa kike darasa la tatu. Akasimama mlangoni. Shikamoo. Marahaba. Mama kasema nisirudi bila sketi. Mimi bila hata kuinua kichwa, mguu uko kwenye pedeli, nikamwambia mwambie mama kesho.

Yule mtoto akaniuliza, "Kesho ya kweli au kesho ya fundi?"

Mnacheka. Na siku ile wateja walicheka vilevile. Ila mtoto hakucheka, alikuwa anauliza kweli, alitaka apeleke jibu sahihi nyumbani asije akachapwa. Na ile sketi ndugu zangu hata sikuwa nimeikata, kitambaa kilikuwa bado kiko kwenye mfuko kama kilivyoletwa, na ilikuwa ni mara ya nne anakuja.

Nikaondoa mguu kwenye pedeli nikakaa.

Nikajiuliza, hivi mimi asubuhi nilikuwa namfokea nani? Maana seremala kosa alikuwa nalo, hilo sitaki mtu aniambie hakuwa nalo. Hela yangu kaikalia wiki tatu, hasira fulani ilikuwa haki yake kabisa. Lakini hasira niliyompelekea haikuwa ya wiki tatu, ilikuwa ya miaka. Kosa lake lilikuwa mita mbili, mi nikapeleka mita nne. Sasa zile mita mbili za juu ni za nani?

Kwenye kazi yetu ipo sheria, kitambaa kikibaki ni cha mteja, unakikunja unamrudishia. Na msigune, najua mnachofikiria huko nyuma, mnasema mafundi mabaki mnabaki nayo nyie mnatengenezea foronya, hilo tutaongea siku nyingine. Nasema sheria ipo. Kilichobaki kina mwenyewe. Na hasira iliyobaki ukishatoa ya kosa nayo ina mwenyewe, na ile jioni mwenyewe nilikuwa mimi, nimevaa tepu shingoni.

Waswahili walishasema nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Methali nzuri, ila mi naona imetuacha njiani. Imetuambia nyani haoni lake, haijatuambia kwa nini la mwenzake analiona vizuri hivyo, tena kwa mbali, tena gizani. Mimi uongo wa fundi naujua hata kabla hajafungua mdomo. Nimeujulia wapi?

Huyu mpwa wangu anayerekodi hapa anasoma chuo, nilivyomsimulia stori ya meza akacheka akasema shangazi, hilo liliandikwa zamani. Kuna daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Mswisi, Carl Jung, alizaliwa 1875 akafa 1961, huyo bwana aliandika kwamba kila kinachotukera kwa wengine kinaweza kutufikisha kwenye kujielewa sisi wenyewe. Alikuwa anasema kila mtu ana kivuli, yaani yale mambo yake ambayo hataki kuyaona kayaweka nyuma ya mgongo, na kwa vile hayaoni kwake anaishia kuyabandika kwa mwingine halafu anamchukia huyo mwingine kwa kuwa nayo.

Nikamuuliza, huyu Mzungu wa Uswisi alinionea wapi mimi? Akaniambia mbona huku alipita. 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni mpaka Nairobi, akaenda mpaka Mlima Elgon kule mpakani mwa Kenya na Uganda, akakaa na wenyeji anaongea nao kwa Kiswahili cha kuokoteza kwenye kamusi ndogo. Na lile neno lake la kero, anasema mpwa wangu, aliliandika akiongelea hizihizi safari na kukaa na wageni, kwamba yeye Mswisi anawaelewa Waingereza pale anapoona yeye mwenyewe haingii kwao, kama nguo isiyokutosha, ndo unajua mwili wako ulivyo. Hapo nikampenda, nikasema huyu angekuwa fundi.

Lakini ngojeni msimpigie makofi sana. Maana huyo huyo alipoandika kuhusu watu wetu aliwaandika kama vile ni watu wa kale, wamebaki kule mwanzo ambako Wazungu walishatoka, na akawa na hofu asije na yeye akamezwa na Afrika akageuka. Sasa jamani! Mtu kagundua kivuli, kaeleza dunia nzima kuhusu kivuli, halafu cha kwake kaja kukitundika Elgon. Mi simdharau kwa hilo, nimelitaja ili mjue kulijua jambo hili hakukuzuii kulifanya, hata kesho nitalifanya.

Twende mbele. Kuna stori moja humu wengi mnaijua, Wakristo mtanisaidia, Samweli wa Pili sura ya 12. Mfalme Daudi kachukua mke wa mtu, mke wa Uria, na Uria mwenyewe kampeleka mbele vitani ili afe, akafa. Daudi akatulia tuli, maisha yanaendelea. Anakuja nabii Nathani, hamwambii kitu kuhusu Uria, anampa stori tu. Kulikuwa na tajiri ana kondoo na ng'ombe wengi, na maskini ana mwanakondoo mmoja wa kike, kamlea mwenyewe, anakula naye, anamnywesha kikombe chake, analala kifuani kwake kama binti yake. Tajiri akapata mgeni. Akaona uchungu kuchinja wa kwake, akaenda akamchukua yule mmoja wa maskini.

Daudi akawaka. Biblia inasema hasira yake ikawaka sana, akaapa, mtu aliyefanya hivyo anastahili kufa, na atalipa mwanakondoo mara nne.

Nathani akamwambia, wewe ndiwe mtu yule.

Sasa hapo wahubiri wengi ndo wanaishia, na wanafanya vizuri. Lakini mimi kama mtu wa vipimo naombeni mrudi nyuma kidogo mwangalie ile hukumu. Adhabu ya kuiba kondoo na kumchinja iliandikwa, Kutoka 22 mstari wa kwanza, kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Basi. Wanne, hakuna kufa. Daudi ni mfalme, sheria anaijua, na hao wanne kawataja sawasawa, hakukosea hesabu. Sasa kifo katoa wapi? Nani kaongelea kifo hapo? Tajiri wa kwenye stori hakuua mtu, kaua kondoo. Aliyeua mtu ni nani?

Mmeona? Kondoo wanne ni wa tajiri. Kile kifo kilichozidi ni cha Daudi mwenyewe, kilikuwa kimekaa ndani kinatafuta pa kutokea, kikapata mtu wa kwenye stori kikamrukia.

Na ndugu zangu Waislamu, nyie kwenu Nabii Daudi yupo na simulizi yenu ipo, sura ya Sad, wale wagomvi wawili wanaomwingilia, mmoja ana kondoo tisini na tisa mwenzake ana mmoja, na Daudi akishahukumu anatambua kwamba amejaribiwa, anaanguka anaomba msamaha. Simulizi hazifanani na mimi si mtu wa kuzichanganya, mashehe watanisuta. Ila niliposikia hiyo kwa jirani yangu mama wa Kiislamu nilikaa nikatafakari sana, kwamba huku na huku mtu anakaa kwenye kiti cha hakimu, kesi ni ya watu wengine, na anayeinuka kaguswa ni hakimu.

Haya, sasa kuna mtu hapa anasema moyoni, mimi mbona yule ananikera na mimi siko kama yeye hata kidogo? Mimi sichelewi, sisemi uongo, siombi hovyo. Hilo ni swali zuri na limenitesa hata mimi.

Nina mpangaji mwenzangu pale uani. Mwenzangu huyu kila siku ikifika saa nane mchana anatoa mkeka, anautandika chini ya mwembe, anaweka redio ndogo pembeni, analala chali miguu kaipandisha kwenye shina la mwembe. Saa nzima. Kila siku! Na huyu mama biashara yake anafanya, vitumbua vyake anaamka saa kumi alfajiri anachoma, watoto wake wanasoma, hadaiwi na mtu, hajawahi kuniomba hata chumvi. Kosa lake kwangu ni nini? Sifuri. Hata nusu mita haifiki.

Na mimi nilikuwa namchukia. Nawaambia ukweli. Ikifika saa nane mimi niko dirishani na cherehani nasikia ile redio, nakanyaga pedeli kwa nguvu makusudi ili asikie kuna watu wanafanya kazi. Nilikuwa nawaambia wateja, mwanamke gani yule. Sasa mimi silali mchana, sijawahi, kwa hiyo hapo huwezi kusema ananikera kwa sababu nafanya kama yeye.

Halafu mwaka jana nikajichoma sindano. Mnaojua cherehani mnajua, sindano ilishuka ikapita katikati ya kucha ya kidole cha shahada ikakatikia humo humo. Nikaenda wakaitoa, nikafungwa kidole kikawa kama andazi, wiki nzima hakuna kushona. Siku ya kwanza nikazunguka nyumba nzima nafuta vitu vilivyo safi. Siku ya pili saa nane ikafika, yule mama katoka na mkeka wake, akaniona nimesimama mlangoni sijui hata nifanye nini na mikono yangu, akasogea pembeni ya mkeka. Hakuniita. Kasogea tu, pakabaki nafasi.

Nikaenda nikakaa. Akamenya chungwa akanipa, sababu mi kidole kisingeweza. Redio wanasoma matangazo ya vifo. Upepo unatoka kule milimani Uluguru. Na mimi mtu mzima mwenye wajukuu nikaanza kulia, wala siumwi, kidole hata hakiumi.

Mama yangu, Mungu amrehemu, sikuwahi kumwona amekaa. Alikuwa akikuona umekaa anakuuliza, unaumwa? Kama huumwi basi inuka. Nimekua hivyo, nimezeeka hivyo, na nimewalea hivyo hivyo wanangu, wako hapa watasema. Kumbe miaka yote ile mi sikuwa namchukia yule mama wa vitumbua, nilikuwa nautaka mkeka. Ila mkeka mi nilishakatazwa na mtu ambaye hata hayupo tena wa kumuomba ruhusa.

Kwa hiyo kero nyingine iko hivyo. Mwenzio anakukera kwa kuwa anafanya unachokifanya ukajificha, au anakukera kwa kuwa anafanya unachokitamani ukajinyima. Hiyo ya pili ni ngumu zaidi kuikamata manake mtu anajiona yeye ndo msafi. Mkinikuta saa nane siku hizi nalala. Dakika kumi na tano. Sijafika saa nzima bado.

Sasa nisije nikawapoteza. Mwenyekiti ananionyesha saa, nimekuona.

Siyo kila kero ni kioo. Hili naomba nilisisitize kwa sababu kuna watu wakishasikia maneno kama haya wanayageuza silaha. Mnakumbuka kikoba chetu kile cha kwanza, kabla ya hiki, mtunza hela alivyoondoka na hela za watu wote mwezi wa kumi na moja, wengine walikuwa wamewekea ada za watoto, akaja mtu mmoja na suti yake kutushauri, akasema kila mmoja ajiulize ndani yake kwa nini jambo hili limemuumiza. Jamani! Limeniumiza kwa sababu nimeibiwa! Ukiibiwa umeibiwa. Hapo hujitafuti wewe, unamtafuta yeye. Na ndo maana leo sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hatukujitafakari, tulinunua kufuli.

Na dada unayepigwa nyumbani usije ukatoka hapa ukasema fundi kasema nijiangalie. Sijasema. Nenda polisi kwenye dawati la jinsia, mimi nitakusindikiza.

Na kuna kero nyingine wala siyo tabia, ni mwili. Mume wangu yule pale, kati ya wale wanne, anakunywa chai kwa kuivuta. Fyuuup. Miaka thelathini. Mi nikishasikia ile fyuuup damu inapanda kichwani, na nilikaa nikajichunguza sana, je na mimi navuta? Je natamani kuvuta? Hakuna. Mpwa wangu akaniambia shangazi, kuna watu wako hivyo, wataalamu wanaita misofonia, mwaka 2017 watafiti wa Newcastle kule Uingereza waliwaingiza watu wa hivyo kwenye mashine wakawasikilizisha sauti za kutafuna na kupumua, sehemu moja ya ubongo inawaka kupita ya watu wengine, na moyo unakimbia. Kwa hiyo baba watoto, kumbe siyo wewe na siyo mimi, tukanunue tu kikombe cha mfuniko.

Na nyingine ni njaa. Nyingine ni joto la Februari. Kabla hujajichimba kwenda utotoni kunywa maji kwanza.

Haya. Oktoba.

Mlikuwepo wengi. Dada yetu aliingia kachelewa dakika ishirini na tano, na rejesho lake la mwezi hakuja nalo, akaomba wiki moja. Katiba yetu, tuliyoiandika wenyewe, inasema kuchelewa kikao ni 1,000, kuchelewesha rejesho ni 5,000. Jumla 6,000. Akazitoa pale pale kwenye pochi akaziweka mezani. Hapo kosa limeisha, sivyo? Kwa katiba limeisha. Mita zimetosha.

Sisi tukaendelea. Katibu kaandika kwenye daftari, kikao kimechelewa kufungwa kwa dakika arobaini. Dakika arobaini tunamsema mtu aliyeshalipa. Mara oh ana nywele mpya, mara oh mbona harusini alitunza, mara watu wa aina hii ndo wanaua vikoba. Na aliyesema sana ni nani? Msiangaliane. Ni mimi. Mimi ndo nilisimama mara tatu. Mimi ndo nilisema la nywele.

Sasa niwaambie kitu hamkijui. Mwaka juzi mwezi wa saba mimi rejesho langu sikuwa nalo. 85,000. Mteja wa sare za harusi alinizungusha, nguo keshazivaa hela hajalipa. Ilipofika saa tano usiku wa kuamkia kikao nikampigia mdhamini wangu nalia. Akanitumia kwenye simu, yote, na ya kutolea akaweka. Asubuhi nikaja hapa kifua mbele nikahesabu noti mbele yenu moja moja, na mwenyekiti akasema igeni mfano wa fundi, mkanipigia makofi. Nikayapokea.

Katibu, fungua daftari angalia mdhamini wangu mwaka juzi alikuwa nani.

Eeh. Ni yeye.

Na ile hela nilimrudishia, nilimrudishia kwa miezi mitatu, hanidai. Lakini tangu siku ile kila nikimwona naona saa tano ya usiku ile. Akicheka naona ananicheka mimi. Akisema shikamoo da' fundi nasikia kama ananikumbusha. Mtu kanisaidia, nikaanza kumwona ana maringo. Na siku alipokwama yeye, kwa elfu chache kuliko zangu, nikapata pa kupumulia. Na yeye alikaa pale, kiti kile cha tatu, angeweza kusema sentensi moja tu, moja, mi ningekaa chini na nisingesimama tena kwenye kikoba hiki mpaka nazikwa. Hakusema. Alikunja risiti yake akaondoka.

Tangu hapo hajarudi kikaoni. Jumamosi tisa. Na funguo ya tatu ya sanduku iko kwake, kwa hiyo kila Jumamosi mmeona anaituma na bodaboda, nauli 1,000. Nimepiga hesabu. Faini yetu ilikuwa 6,000 akalipa. Halafu kalipa tena 9,000 ili asituone sura.

Na leo ni hivyo hivyo, kijana yule pale mlangoni kafika sasa hivi na helmeti yake, anasubiri nimalize. Njoo kijana, njoo usiogope. Nipe hiyo funguo.

Hiki kitambaa alichofungia, mnakiona? Nakijua hiki kitenge. Hiki ni baki la gauni nililomshonea mimi, Pasaka, nilimrudishia kwenye mfuko.

Mwenyekiti naomba ruhusa. Sanduku msilifungue kwanza. Kijana, una helmeti ya pili? Basi ya nini, nitajifunga kanga, twende. Ni hapo Kihonda tu, dakika kumi kwenda. Akikataa kuja nitakaa mlangoni kwake, nyie mgawane msinisubiri, funguo nitaileta na huyuhuyu. Pilau funikeni.